Namna ya Kuachana na Taifodi Isiyokwisha

Mwongozo huu ni wa yule mtu wa Buseresere anayejitambulisha kwa taifodi yake. Ukimuuliza hali, anakujibu kwa namba: "Mwezi uliopita nilikuwa moja kwa themanini, sasa imepanda, moja kwa mia na sitini." Anazitaja kwa fahari, kama mchimbaji anavyotaja gramu zake mbele ya mnunuzi wa dhahabu. Kwenye mfuko wa shati ana karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, na ndani ya karatasi hiyo kuna vidonge vinne vya antibayotiki ya sipro vilivyobaki kwenye dozi iliyopita. Anavitunza kwa ajili ya siku mbaya. Ndugu yangu, kwa kuwa nakutakia uzima, nitakusema mpaka uchoke.

Tuanze na hiyo karatasi. Kipimo kilichokupa namba zako kinaitwa Widal, na Mfaransa Fernand Widal alikitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani kile ambacho mwili ulikitengeneza ulipokutana na mdudu huyo au na jamaa zake. Kingamwili hubaki kwenye damu kwa miezi mingi hata baada ya ugonjwa kwisha, kwa hiyo mtu aliyepona kabisa anaweza kupima leo, akaambiwa anayo, akanunua dawa, kisha akapima tena mwezi ujao na kuambiwa bado anayo. Hapo ndipo jina la "taifodi sugu" linapozaliwa. Watafiti waliwahi kukipima kipimo hicho kwa watoto waliolazwa Muheza, mkoani Tanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: wengi wa watoto ambao Widal iliwataja kuwa na taifodi hawakuwa nayo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kupima Widal ili kujua kama umepona. Ukipona utajua: homa imeondoka, hamu ya kula imerudi, choo kimetulia. Na kama homa ipo, omba kipimo cha malaria kwanza, maana unaishi Kanda ya Ziwa na mbu hawajahama. Taifodi yenyewe inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na damu hiyo ichukuliwe kabla hujameza kidonge chochote cha antibayotiki. Tumbo linalosumbua miezi na miezi lipelekewe kipimo cha choo kikubwa. Huku kwetu, karibu na ziwa, kuna kichocho cha utumbo, na kichocho hakijawahi kuogopa sipro. Kina dawa yake, prazikwanteli.

Usinielewe kwamba taifodi ni hadithi. Madaktari wa Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2012 juu ya wagonjwa 104 ambao taifodi iliwatoboa utumbo, waliopokelewa hospitalini hapo kwa miaka ipatayo mitano kuanzia 2006. Karibu robo yao walifariki. Utumbo hutoboka zaidi kwa mtu aliyekaa na homa wiki mbili au tatu bila tiba ya maana, akiungaunga vidonge. Tumbo likikaza ghafla na kuuma lisishikike, hapo hakuna duka la dawa, hakuna jirani mwenye uzoefu. Ni hospitali, usiku huohuo.

Sasa vile vidonge vinne. Daktari akiandika siku kumi, ni siku kumi. Kujisikia mzima siku ya nne na kurudi duarani, kwenye shimo la dhahabu, hakuna maana kwamba wadudu wameisha. Waliobaki ndio wenye nguvu, na umewafundisha dawa yako. Pia taifodi ina tabia ya kurudi wiki mbili tatu baada ya mtu kujiona amepona, hivyo homa ikirudi katika kipindi hicho rudi kwa aliyekutibu, usirudi mfukoni. Na wewe unayemeza azuma leo kwa sababu ya mafua, sipro keshokutwa kwa sababu ya supu iliyokukataa, na sindano Ijumaa kwa sababu shemeji alichomwa akapona, elewa kwamba utumbo una wakazi wake halali, bakteria wanaosaga chakula na kuwazuia wageni wabaya wasipate makazi. Kila antibayotiki isiyo na kazi inawafukuza hao, na nyumba ikibaki tupu anayehamia si mtu mwema.

Kuna bwana anayepita na spika akiuza dawa ya kusafisha utumbo. Anasema una uchafu wa miaka kumi umeganda ndani. Huna. Utumbo hubadilisha utando wake wa ndani wenyewe kila baada ya siku chache, na uliotoka kuugua una vidonda. Kuupiga dawa ya kuharisha wakati huo ni kumchapa mgonjwa kwa kosa la kuugua. Mwache apite na spika yake.

Kitu unachopaswa kuupa utumbo ni chakula, tena mapema. Wapo bado wanaoamini kwamba mwenye kuhara anyimwe kula ili tumbo "lipumzike". Tumbo halitaki likizo hiyo. Wakati wa kuhara kunywa ORS, pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji salama, si kwa glasi moja ili ikolee. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Mtoto aendelee kunyonya, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Mtu mzima aanze na uji, wali laini, ndizi, viazi, mchuzi usio na mafuta mengi, kidogokidogo mara nyingi. Maharage, kabichi na pilipili virudi taratibu. Gongo isirudi.

Maziwa freshi yanahitaji uangalifu. Maambukizi yanapokwangua utando wa utumbo, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua kwa muda, ndiyo maana mtu anakunywa kikombe, tumbo linaunguruma, anakimbilia maabara kupewa namba nyingine. Msukuma ana jibu la zamani: maziwa mgando. Sehemu ya sukari hiyo imekwishaliwa na bakteria wazuri walioyagandisha. Pale Mabatini, Mwanza, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria teule, kwa kushirikiana na shirika la Kivulini, taasisi ya utafiti wa tiba NIMR na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Maprofesa walivuka bahari kuja kufanya kazi na kitu ambacho bibi yako alikiweka kwenye kibuyu. Kinywe, ila maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, na chombo kiwe safi.

Uwe pia na subira. Mei 2000 maji ya bomba yalichafuka katika mji wa Walkerton, Kanada. Watu zaidi ya 2,000 waliugua matumbo na saba wakafa. Waliofuatiliwa baadaye, baadhi yao walikuwa bado na tumbo la kujaa gesi na choo kisichotabirika miaka minane mbele, wala mdudu hakuwepo tena. Tumbo lililojeruhiwa hubaki na wepesi wa kukasirika. Hiyo si taifodi, na antibayotiki nyingine hailitulizi.

Tumefika kwenye mlango wa ugonjwa wenyewe: dumu. Lichukue dumu lako la maji ya kunywa, lile la lita 20, litazame ndani kwenye mwanga wa jua. Ule utelezi wa kijani ukutani huenda ndio unaoleta "taifodi yako ya kurudi". Lisugue kwa sabuni na mchanga, suuza, kisha chemsha maji mpaka yatokote kweli, yapoe yakiwa yamefunikwa, na uyachote kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kilichoingia na vidole vinne. Maji ya kisima kilicho jirani na mwalo wa kuchenjulia dhahabu usiyanywe hata uyachemshe asubuhi hadi jioni, kwa sababu moto unaua wadudu lakini hauondoi zebaki.

Mikono ndiyo inayomaliza hesabu. Mtu anaweza kupona taifodi na kuendelea kuitoa kwenye choo chake kwa miaka, mdudu akiwa amejificha kwenye nyongo na mwenyewe haumwi hata kichwa. Mary Mallon, mpishi wa New York, aliwaambukiza matajiri aliowapikia, na akaishia kutengwa mpaka alipofariki mwaka 1938. Kwa hiyo mama lishe mwenye kibuyu chirizi na sabuni mlangoni anastahili shilingi yako kuliko yule mwenye beseni moja la maji ambalo wateja thelathini wamekwisha kunawia. Mwambie wazi kwamba umemchagua kwa sababu ya sabuni. Wa jirani atasikia.

Haya yote ya dumu na sabuni yanashindwa mahali pamoja: kambi ya wachimbaji isiyo na choo. Mvua moja inatosha kurudisha kila kitu kwenye kisima. Kwa hiyo wewe mwenye duara, uliye na hela ya karasha, pampu na mafuta ya jenereta, chimba choo kwanza, mbali na kisima na upande wa chini yake, kisha ndipo ushuke kutafuta dhahabu.