Kindi na Karani Fisi

Hapo kale, wanyama wa Giakanja walikuwa na chama cha kahawa, na karani wao alikuwa Fisi. Mizani iliposomwa, kilo ziliingizwa kwenye kompyuta ya chama, chini ya jina la mkulima na siku yake. Mkutano mkuu ukikaribia, Fisi alizinakili kwa mkono kwenye jedwali la malipo. Zilikonda njiani. Kilo 64 za Swara zikafika mezani 46.

"Uzee wa macho," akasema Fisi.

Kindi akasimama chini ya mugumo. "Wazee, maandishi haya ya kompyuta ni mti. Mstari wenye nyota moja ni tawi: mkulima. Wenye nyota mbili ni kijitawi: siku. Kilo ni jani. Nitaupanda tawi kwa tawi. Kila kijitawi kiwe mstari wa jedwali, kila jani liingie kwenye safu yake. Hakuna wa kunakili."

"Uganga huo umetoka wapi?" akauliza Nyani.

"Umo ndani ya programu ya Emacs, unaitwa Org. Ulianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa nyota wa Amsterdam."

"Ndiyo maana nyota zimejaa!"

Kindi akapanda. Kufumba na kufumbua, jedwali likasimama, safu zimenyooka kama mibuni iliyopandwa kwa kamba. Swara: 64.

Usiku Fisi akaingia ofisini, akafuta 64, akaandika 46. Asubuhi Kindi akapanda tena, 64 ikarudi. Usiku wa pili, vilevile. Fisi akaacha kuhangaika na jedwali, akaanza kuutazama mti.

Wanyama walishangilia mno. Wakalibandika jedwali ukutani kiwandani, kisha wakamwachisha kazi Mzee Kobe, aliyekuwa akisimama kando ya mizani na kutaja kila uzito kwa sauti. "Wa nini huyu, na jedwali linajiandika?"

Msimu uliofuata, Fisi alisoma mizani peke yake. Kindi akapanda, akachuma kila jani. Jedwali likanyooka, halina kosa la kunakili hata moja.

Swara: 46.

"Kindi mwanangu, hata wewe?" akauliza Swara.

"Mama, mimi huchuma majani. Aliyeyaotesha ni mwingine."

Jioni hiyo wakatoka mbio kumfuata Mzee Kobe nyumbani kwake. Hawakufika mbali. Walimkuta langoni mwa kiwanda, bado anaondoka.