Sifa za Ekstensheni ya Kariakoo

Mnazi umesifiwa, ngalawa imesifiwa, hata chapati imepata watu wake. Ekstensheni, ile ya plastiki nyeupe inayoning'inia kwenye vibanda vya Kariakoo kuanzia Msimbazi mpaka Lumumba, haijatungiwa hata ubeti mmoja, ilhali muziki wote wa uswahilini unapita kifuani mwake.

Kwanza ina ukarimu. Soketi ya ukutani ina asili ya Uingereza, na majivuno yake ni ya huko. Kiwango chake, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, na matundu yake mawili ya chini hayafunguki mpaka pini ndefu ya juu, ile ya ethi, itangulie kuingia. Sabufa ikija na plagi ya pini mbili inakataliwa mlangoni, mpaka mtu atafute kifuniko cha kalamu achokonoe tundu la juu, huku fundi umeme akishika kichwa. Ekstensheni haina makuu hayo. Pini bapa, pini duara, iliyotoka China, iliyopitia Dubai, zote karibuni.

Chumba cha kupanga kina soketi moja, na mwenye nyumba anaona ametenda wema. Hapo ekstensheni hubeba sabufa, televisheni, king'amuzi, feni na chaja za simu, na Jumapili asubuhi inaongezewa pasi. Ikizidiwa hailalamiki, hutoa harufu tu.

Tena ni mtunza siri. Boksi la sabufa limeandikwa wati 10,000. Fyuzi ya plagi ya ekstensheni ni ya ampea 13, na kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni wati 2,990. Wati 7,010 zilizobaki zinatoka wapi, muulize aliyechapa boksi. Ukweli ni kwamba sabufa ya chumbani hula umeme kidogo kuliko pasi. Lakini kwenye nyumba yenye mita moja ya LUKU, yuniti zikiisha anayesemwa ni mwenye sabufa, na mwenye pasi amekaa kimya, shati limenyooka. Ekstensheni iliona yote, na haijawahi kutoa ushahidi.

Na ile taa yake nyekundu! Miaka ya mgao mkali wa umeme, 2006 na 2011, hiyo ndiyo iliyokuwa ikikodolewa macho gizani. Ikiwaka tu, mtaa mzima ulipiga kelele, na sabufa ziliitikia zote kwa mpigo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzizima.

Zipo ekstensheni zenye matundu matatu nje na nyaya mbili ndani. Ethi imeachwa kiwandani ili bei ishuke. Ukigusa bati la deki ukatekenywa, ndiyo salamu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua mwombe muuzaji alegeze skrubu uhesabu nyaya. Ukikuta tatu, tena nene, hiyo ni ekstensheni ya kawaida, haistahili sifa hizi. Ukikuta mbili, nunua pamoja na ndoo ya mchanga.