Upangaji wa Lenzi Jichoni: Uchambuzi wa Kitaalamu kutoka Kharumwa

Madaktari wa macho wameziainisha njia za kupachika lenzi ya bandia kwa sehemu za jicho, kwa aina za nyuzi na kwa majina ya wavumbuzi. Hakuna aliyeziainisha kwa sheria za vyumba vya kupanga vya Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, mji ambao dhahabu imeufundisha mengi kuhusu wapangaji. Pengo hilo tunaliziba hapa.

Kanuni ya msingi: lenzi ni mpangaji, na kila mpangaji kuna anayemlipia kodi. Chumba chake halali ni kile kifuko chembamba cha lenzi ya asili, kilichoning'inia kwa nyuzi nyororo pande zote. Upasuaji wa mtoto wa jicho ukienda vizuri, ukungu hutolewa, kifuko hubaki, lenzi ya plastiki huingia, na kodi huwa karibu na bure. Mpangaji wa kwanza aliingizwa London na Harold Ridley tarehe 29 Novemba 1949, baada ya kuonekana kwamba vipande vya vioo vya plastiki vya ndege za kivita vilikaa machoni mwa marubani bila kuleta fujo.

Utafiti wetu unaanzia pale nyumba inapobomoka. Ukanda huu, sababu mojawapo iko wazi: nyundo, tindo, mwamba, na macho yasiyo na miwani ya kinga. Jiwe likiruka, nyuzi hukatika, pengine kifuko nacho kikapasuka.

Ukuta wa mbele wa kifuko ukisalimika, lenzi hukaa juu yake, nyuma ya airisi, lile duara la rangi la jicho. Tuwaite wapangaji wa uani. Sharti wawe na mikono myembamba, maana lenzi laini ya kipande kimoja, yenye mikono minene, huisugua airisi mpaka rangi yake ipukutike. Namba ya lenzi nayo hupunguzwa kidogo kwa kuwa mpangaji amesogea mbele. Kundi hili halina ugomvi, tuliache.

Wapangaji wa barazani hukaa mbele ya airisi. Kuwaingiza ni haraka, lakini deni linaweza kuangukia konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ambacho seli zake za ndani zikifa hazioti tena. Aina za zamani ziliharibu sifa ya baraza zima, na za sasa, ingawa zina adabu zaidi, bado zinatazamwa kwa jicho la pembeni. Wapo pia wanaoing'ang'ania airisi yenyewe kwa makucha, ubunifu wa Mholanzi Jan Worst. Madaktari wengine huwaficha wapangaji hao nyuma ya airisi, na mwandishi huyu anaona hiyo ndiyo heshima.

Wanaofungwa ukutani ndio wenye madhehebu. Dhehebu la uzi hushona lenzi kwenye sklera, ule weupe wa jicho. Uzi mwembamba wa jadi, miaka ikipita, huweza kukatika, na mpangaji akaporomokea kwenye ute wa nyuma. Dhehebu la Shin Yamane wa Japani, aliyechapisha njia yake mwaka 2017, halitaki uzi wala gundi. Sindano mbili nyembamba hupenyezwa kwenye sklera, ncha za mikono ya lenzi huchomekwa ndani ya sindano hizo na kuvutwa nje, kisha huguswa kwa moto hadi ziwe na vichwa vidogo, na kusukumwa zifukiwe ukutani. Inapendeza kutazama. Pembe ikikosewa kidogo tu, lenzi hukaa upande.

Nani mshindi? Chama cha madaktari wa macho Marekani kilipitia tafiti za njia hizi mwaka 2020 kikashindwa kumtangaza, jambo linaloudhi sana kwa sisi wapenda madaraja. Tunapendekeza basi Kigezo cha Kharumwa: njia bora ni ile ambayo daktari aliyepo ameizoea, vifaa vyake vimo mezani, na mgonjwa ana nauli ya kurudi kupimwa.

Kigezo hiki kinalazimu kundi la mwisho, jicho lisilo na mpangaji, linalosaidiwa na miwani ya takriban namba kumi. Si aibu, chumba kinaweza kutafutwa baadaye. Ila miwani hiyo hukuza vitu kwa kiasi cha robo, na mchimbaji aliyeumia jicho moja ataletewa picha mbili za ukubwa tofauti, ubongo ugome kuziunganisha. Huyo miwani haimfai. Aende Hospitali ya Bugando, Mwanza, na akipitia Sengerema, tangu Juni 2025 hasubiri tena kivuko pale Busisi, daraja lipo.