Wiki ya Tatu ya Kupungua

Jumatatu

Kilo 94. Mizani ni ya duka la dawa, shilingi 200 kila ukipanda. Mbele yangu walikuwa watu watatu na kichanga. Muuzaji alisoma kipimo changu kwa sauti ya mnadani. Mama mmoja akaniambia hongera. Nilishukuru, ningefanyaje.

Hii ni wiki ya tatu ya Azimio la Bugene. Lile la Arusha, la mwaka 1967, lilikuwa na mambo mengi. Langu lina kipengele kimoja: siku za mazoezi, yaani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nitakula nusu. Mbio zinapunguza, njaa nayo inapunguza, basi nikaziunganisha. Kwenye karatasi lilikaa vizuri sana.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka Omurushaka kuelekea Kayanga. Zamani vumbi lingenipa udhuru, lakini siku hizi kuna lami, kilomita 59 kutoka Kyaka hadi hapa kwetu Bugene. Bodaboda wa kwanza alisimama. "Mwalimu, nani amefariki?" Nikamwambia ni mazoezi. "Panda tu, utanilipa mwisho wa mwezi." Wa pili hakuuliza kitu. Alinifuata nyuma taratibu, taa zimewaka, hadi nikaona aibu kupumzika.

Saa saba usiku sufuria la viporo lilipungua. Nyumba hii ina panya.

Jumanne

Si siku ya mazoezi. Nilikula vizuri. Hakuna la kuandika.

Jumatano

Nilikimbia, nikanywa chai ya rangi bila sukari, nikaenda benki. Namba yangu ilikuwa 31. Walikuwa wamefika ya 12 mtandao ulipokatika. Ulirudi, ukakatika tena. Tulisimama saa mbili na zaidi.

Kwenye namba 27 nilianza kuona makarani wawili dirishani. Karani ni mmoja. Nikaketi sakafuni kwa heshima zote. Mlinzi alileta soda ya moto. Mama mmoja alitoa ndizi mbivu mbili kwenye kikapu chake, akanisimamia hadi nikamaliza. Waliobaki walijadili kama ni malaria, sukari au presha. Presha ilishinda kwa wingi wa kura.

Nilipopata nguvu namba 31 ilikuwa imepita. Nikapewa 58.

Alhamisi

Mke wangu alinipeleka zahanati. Muuguzi aliuliza nilikula nini jana. Nikamweleza Azimio, na kipengele chake. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hata wanafunzi wangu hawajawahi kunifanyia.

Akasema nimelishika kichwa chini miguu juu. Siku ya kukimbia ndiyo siku ya kula. Kabla ya mbio, kitu chepesi kama ndizi mbivu. Baada ya mbio, chakula cha kweli: ndizi za kupika au ugali, na maharage, yai au samaki vya kutosha, kwa sababu misuli inajengwa na hivyo, si na chai ya rangi. Kinachopunguzwa ni mafuta, sukari, soda na rubisi. Nikishuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, inatosha kabisa. "Ukijinyima mchana, Mwalimu, usiku utaiba."

Nilimwambia mimi siibi. Mke wangu akatazama paa.

Mchana nilikuwa na kipindi cha Historia, Kidato cha Pili. Ratiba ilidai wapelelezi. Speke na Grant waliingia Karagwe Novemba 1861, wakapokelewa na Mfalme Rumanyika hapo Bweranyange. Wake wa mfalme walinyweshwa maziwa hadi wasiweze kusimama wima, maana huo ndio ulikuwa urembo. Speke alitoa utepe akampima shemeji wa mfalme: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4. Pembeni alikaa binti wa miaka 16 akinyonya chungu cha maziwa, baba yake ameshika fimbo asije akaacha.

Kengele ilipolia nilijipima mkono kwa rula ya ubaoni. Sentimita 36. Yule mama alikuwa na 58. Kwa viwango vya ikulu ile, ningeombewa.

Ijumaa

Utaratibu mpya. Nilikula ndizi mbivu mbili, nikafunga kamba za viatu, mvua ikaanza. Ilinyesha hadi saa tatu. Kula nilikuwa nimeshakula.

Muuguzi alisema wanga uwe ukubwa wa ngumi. Mke wangu alipakua ndizi kwa ngumi. Hakusema ya nani.

Jumamosi

Safari ya kwa mama, Nkwenda. Hiace inaondoka ikijaa. Ilijaa baada ya saa mbili, na konda alinihesabu abiria mmoja na nusu mbele za watu. Nililipa nauli ya mmoja, lakini neno lilishasemwa.

Mama alinitazama pale mlangoni. "Umepungua." Wiki tatu nilikuwa nikingoja mtu aseme hivyo. Yeye hakusema kwa furaha.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu, mwaka 1983. Kabla jina hilo halijazoeleka watu waliuita Juliana, kama kile kitambaa kilichokuwa kikija na wafanyabiashara kutoka Uganda. Mama amezika wadogo zake watatu, na wote walianza kwa kupungua. Suruali inayoning'inia hajawahi kuiona kama habari njema.

"Umepima?" akauliza.

"Kilo 94, mama."

Akaendelea kunitazama. Ndipo nikaelewa. Nikamwambia nimepima, sina. Akataka vyeti. Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Akausoma mara mbili, akaingia jikoni.

Ni msimu wa senene. Walikuja wamekaangwa, sahani imejaa, na ndizi, na maharage, na mtindi. Nilijaribu kumweleza kwamba leo si siku ya mazoezi. Akasema nizunguke shamba mara moja kabla ya kuondoka. Nilizunguka. Nikakuta sahani ya pili.

Jumapili

Nilirudi na mkungu wa ndizi, chupa ya mtindi na kopo la senene. Konda alitoza mkungu nauli yake. Kiti ulipata kizuri kuliko changu.

Jumatatu

Foleni ya watu watano. Mizani imeisha betri. Muuzaji alinitazama juu hadi chini, akasema kwa kukadiria ni 94. Akachukua mia mbili yake.