Namna ya Kununua Laptopu Mpya Iliyozeeka

Kwanza kabisa, uwe na haraka. Laptopu hununuliwa vizuri Jumamosi alasiri, mvua ikinyemelea kutoka upande wa Nyiragongo, dereva wa pikipiki akikupigia honi nje ya duka, na mtoto anayekwenda chuo ameshaahidiwa mbele ya shangazi zake wote. Mtu asiye na haraka huuliza maswali, na maswali yana kawaida ya kuharibu biashara iliyokuwa imekaa vizuri.

Pili, acha akili zako shambani. Hili ni gumu kwa mtu wa Cyanzarwe, hapa Rwanda, maana huku kwetu kuuliza umri wa kitu ni maradhi ya kurithi. Mtu akitaka mbegu ya viazi hakubali kuonyeshwa gunia na kutajiwa bei. Atauliza vilichimbwa lini, vikalazwa wapi, ghala lile lina mwanga au ni shimo, machipukizi yana urefu gani. Anajua kwamba umri wa kiazi hausomwi kwenye kalenda peke yake: kilichokaa wiki kadhaa penye joto kinaweza kuwa kizee kuliko ndugu yake aliyelala miezi penye baridi. Ng'ombe atafunuliwa mdomo ahesabiwe meno. Hata kuku hupapaswa kidari. Kisha mtu huyo huyo anashuka mjini Gisenyi, anatoa faranga laki nne kwa mkono usiotetemeka, na anarudi na mashine ambayo hakuiuliza swali hata moja, kwa sababu ilikuwa bado na nailoni yake. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda walikuwa wameshaiona nailoni ile.

Mwandishi wa mwongozo huu ana sifa zote za kuuandika. Yangu niliinunua kwenye duka ambalo sitalitaja, na nilimenya nailoni mwenyewe kwa ukucha, polepole, kama mtu anayefungua barua ya posa. Boksi lilikuwa limefifia upande mmoja, ule uliokuwa ukitazama dirisha. Nikadhani ni urembo. Nyumbani, nikichomoa chaja, betri ilinipa saa moja na dakika arobaini. Kwa mwezi mzima niliwaambia watu kwamba inazoea.

Basi, hatua muhimu kuliko zote ni kuamini kwamba kitu kisichotumiwa hakizeeki. Ukilishika hilo, mengine yatakuja yenyewe. Usijisumbue kujua kinachoendelea ndani ya boksi. Lakini kwa kuwa kuna wasomaji wabishi, nitaeleza upesi, nao wajifanye hawakusikia.

Betri ya lithiamu, ile iliyotolewa sokoni mara ya kwanza na Sony mwaka 1991 na kuwapatia wataalamu watatu Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, hufanya kazi kwa ayoni kutembea. Ukichaji, zinakwenda kujipenyeza kwenye grafiti. Ukitumia, zinarudi zilikotoka. Juu ya grafiti hujijenga utando mwembamba. Utando huo ni mlinzi, bila huo betri isingedumu, ila ni mlinzi anayekula mshahara wake kutoka ghalani: kila unavyonenepa unameza lithiamu kidogo, na lithiamu iliyomezwa hairudi kazini. Hauhitaji wewe uwashe chochote. Unaendelea usiku na mchana, boksi likiwa limefungwa, muuzaji akiwa kanisani.

Kinachouharakisha ni joto na shibe. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na watu wa betri, iliyolala mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na karibu asilimia 96 ya uwezo wake. Iliyolala kwenye nyuzi hizo hizo ikiwa imejaa pomoni hubaki na asilimia 80 hivi. Ukiipandishia joto hadi nyuzi 40 nayo imejaa, andaa mazishi ya theluthi nzima: inabaki asilimia 65. Kwa hiyo betri mbili zilizozaliwa siku moja, kiwanda kimoja, zinaweza kufika Gisenyi moja ikiwa kijana na nyingine ikiwa mstaafu. Mkulima wa viazi angeelewa haya kabla sijamaliza sentensi, ndiyo maana nimemwomba akili zake aziache shambani.

Swali la kuepukwa, basi, ni hili: ililala wapi? Mwaka wa kutengenezwa utakuambia nusu ya habari tu. Nusu iliyobaki iko njiani. Laptopu nyingi zinazotufikia zimepitia Dubai, ambako kiangazi nyuzi 40 ni jambo la kila siku, kisha kontena la chuma likaketi juani bandarini Mombasa au Dar es Salaam, kisha lori, kisha stoo. Huku kwetu juu, pembeni ya volkano, hewa ni ya kuvaa sweta. Stoo ya Cyanzarwe ingekuwa nyumba nzuri ya wazee kwa betri. Bahati mbaya hakuna anayezileta zilale hapa. (Safari yenyewe ni ya kuchekesha. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, upande wa Kolwezi. Koltani inachimbwa Rubaya, milimani kule nyuma ya Goma. Vinapanda meli, vinazunguka bahari, vinarudi vikiwa laptopu, na sisi tuliokaa karibu na shimo ndio wa mwisho kuipata, ikiwa imeshachoka.)

Ukikuta dukani zimebaki mbili, moja kwenye boksi na moja ya dirishani, chagua ya dirishani. Hiyo imeonyesha picha za maua tangu mwaka juzi, chaja haijawahi kuchomolewa, chaji iko asilimia mia masaa yote, na taa ya duka inaipasha mgongo. Imepewa joto na shibe kwa pamoja. Muuzaji atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba haijawahi kutumika hata siku moja.

Au chagua ile ambayo ukibonyeza kitufe cha kuwasha, haisemi kitu. Hapa utaambiwa, "Imelala tu, bosi," na inabidi kukiri kwamba mara nyingine ni kweli. Betri hujitafuna polepole yenyewe, na ikishuka sana sakiti ya ulinzi huifunga mlango. Ukichomeka chaja inaamka. Ila ikikaa chini mno kwa muda mrefu, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na betri ya namna hiyo hata ikiamka si ya kulala nayo chumba kimoja. Si kwamba chaji ndogo yenyewe ni kosa: kwa usafiri wa ndege, tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Njaa kidogo ni salama na inapunguza kuzeeka. Njaa ya miaka minne ni jambo jingine.

Sasa niwaonye kuhusu mjomba wangu, maana wateja wa aina yake ndio wanaoharibu soko.

Mjomba analima viazi na karoti Cyanzarwe. Binti yake alipopata chuo, aliniomba nimsindikize mjini kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mashine katika ukoo, habari ya saa moja na dakika arobaini ikiwa haijamfikia. Tukaingia duka moja. Kijana wa dukani, aliyekulia Goma kwa jinsi Kiswahili chake kilivyokuwa kikiruka, akaweka boksi mezani. "Hii iko mupya kabisa, papa. Hata nailo haijatoka."

Mjomba akaligeuza boksi, akalinusa. Naapa alilinusa. Kisha akauliza, "Ilivunwa lini?"

Kijana akacheka. Mjomba hakucheka. Akarudia taratibu, kama anayeongea na mgeni: "Ilivunwa lini, na ililazwa wapi?"

Kimya kile nilikijaza mimi, kwa aibu zaidi kuliko kwa ujuzi. Nikaomba tuiwashe. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika powercfg /batteryreport, nikabonyeza. Windows huandika ripoti na kuihifadhi kwenye folda ya mtumiaji. Unaifungua kama ukurasa wa intaneti. Karibu na juu kuna orodha ya betri: uwezo iliozaliwa nao, chini yake uwezo inaoweza kujaa leo, na chini yake tena idadi ya mizunguko ya chaji. Pale palikuwa na 41,000 kwa 33,600. Mizunguko: miwili.

Nikamfafanulia mjomba. Akatazama kioo kwa muda. "Kwa hiyo imefanya kazi siku mbili," akasema, "na imeshadai pensheni."

Kijana akajitetea kwamba namba hizo hubahatisha mashine ikiwa imelala sana. Hapo alikuwa na haki kidogo: kipimo cha betri iliyokaa muda mrefu huweza kukosea, na ukiichaji mpaka ijae, ukaitumia mpaka karibu iishe, kisha ukaichaji tena, namba inaweza kupanda au kushuka. Mjomba akavuta kiti. Akasema atasubiri. Dereva wa pikipiki nje akapiga honi. Mjomba akamlipa aende zake. Hapo ndipo nilipojua kwamba muuzaji ameshindwa.

Mabishano ya bei sitayaeleza yote. Mjomba alitaka ipunguzwe asilimia 18, kwa hoja kwamba gunia likipungua kilo unalipia kilo zilizopo. Kijana akajibu, na akajibu vizuri, kwamba kioo hakijazeeka, kibodi haijazeeka, ni betri tu. Tukakubaliana kwamba kipunguzwe kiasi cha bei ya betri nyingine. Mwongozo huu unamkanya msomaji kutumia hesabu hiyo, maana ni ya haki na inafanya kazi.

Mtu atauliza: si nibadilishe betri tu? Badilisha. Ila kumbuka kwamba betri halisi ya laptopu ya miaka mitano iliyopita huenda nayo ilitengenezwa wakati huo huo, ikalala stoo hiyo hiyo, pacha wake kabisa. Isiyo pacha ni ya kuigiza, iliyotengenezwa juzi na mtu asiyejulikana, na chipu yake itasema chochote ilichofundishwa kusema. Unachagua kati ya mzee mkweli na kijana muongo. Mimi kwa mashine ya kuandikia namchukua mzee.

Wapo watakaotaja zile laptopu ndogo za watoto, nyeupe na kijani, za mpango wa Laptopu Moja kwa Kila Mtoto, zilizogawiwa Rwanda kwa zaidi ya laki mbili. Nyingi zilitumia lithiamu ya chuma na fosfeti, aina ngumu isiyozeeka haraka hivyo. Lakini ni nene kwa nguvu ileile, na sisi tunataka laptopu nyembamba kama kitabu cha sala. Tumechagua wenyewe.

Kuna makosa mengine madogo ya kuepuka. Usigeuze mashine kusoma namba yake ya utambulisho na kuiandika kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mara nyingi itakuonyesha garanti iliisha lini, na hakuna mnunuzi anayefurahia kuambiwa garanti ilifariki kabla yeye hajaingia dukani. Usidai risiti ya EBM, ile ya mashine ya kodi. Usiulize prosesa ni ya kizazi cha ngapi, kwa kuwa Intel karibu zote za chini ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi na Windows 11, na Windows 10 ilikatiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hapo utajikuta umesahau betri na kuanza kulia upya. Wala usiilaze mashine juu ya meza ya kioo kuona kama inayumba. Inayoyumba, au ambayo tachipadi yake imeinuka kama mkate, ndani yake elektroliti imeoza ikatoa gesi na betri imevimba. Hiyo hata mimi, pamoja na kejeli zangu zote, nakuomba uiache na usogee mbali.

Hili la kuvimba nilimweleza mjomba tukirudi, mvua ikiwa imeshatukuta. Akanyamaza mpaka tulipopita mashamba ya kwanza ya viazi.

"Yaani inaota," akasema.

Nikamwambia ndiyo, tuseme inaota.

Binti alimaliza muhula wa kwanza akaja likizo. Mashine wameiwekea kikomo cha chaji asilimia 80, na isipotumika inalala rafuni kwenye ghala la mbegu, ambako ndiko penye baridi na hewa kuliko chumba chochote cha nyumba ile. Kila Jumapili baada ya misa mjomba anapitia trei za viazi moja moja, akifika kwenye laptopu anapitisha kidole gumba juu ya tachipadi, halafu ananipigia simu kunipa taarifa.

"Bado haijaota," ananiambia. Kisha ananiuliza kuhusu ya kwangu, na mtandao unakatika.