Tundu Moja Tu

Mabibi na mabwana, wasomi wenzangu, na wewe uliyejibanza karibu na mlango ukidhani sijakuona: karibuni. Kimya, tafadhali. Mwenye karanga azitafune kwa heshima.

Nimesikia vijiweni, na hata kwa kinyozi, watu wasio na elimu wakidai kwamba Naruto, manga ya bwana Masashi Kishimoto iliyoanza kuchapwa mwaka 1999 na kufikia tamati mwaka 2014 katika sura ya 700, ina tundu. Tundu! Eti yule mtu wa barakoa, Tobi, aliyetuzungusha miaka kwa kujiita Madara Uchiha, ninja wa zamani, hawezi kuwa Obito, kijana aliyedhaniwa amekufa. Mimi, bingwa pekee wa fani hii kusini mwa Jangwa la Sahara (nimefanya uchunguzi, niliwauliza wote waliokuwamo nyumbani), natamka rasmi kwamba hadithi ile ina tundu moja tu. Liko kwenye barakoa, upande wa kulia, nalo ni la kuchungulia.

Tuanze na jina. Obito kwa Kijapani ni silabi tatu: o, bi, to. Itupe ile o, zigeuze mbili zilizobaki. Unapata nini? Tobi. Sura ya 599 ilipotoka mwaka 2012, uso ukawa wazi, watu wakashika vichwa. Mimi nilikuwa nakunywa chai, kwa sababu nilijua tangu ukurasa wa kwanza niliofungua. Sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Wapinzani wangu huja kwanza na umri. Usiku aliozaliwa Naruto, shujaa wa hadithi, mtu wa barakoa alimfungulia yule Mbweha wa Mikia Tisa akisambaratishe kijiji cha Konoha, kisha akapambana ana kwa ana na Hokage (yaani mkuu wa kijiji) wa Nne, Minato. Obito wakati huo alikuwa na miaka 14. Inakuwaje, wanauliza, mtoto wa miaka 14 awe na kimo kile na sauti ile? Ndugu zangu, hamjaona kijana aliyerudi kutoka likizo kwa shangazi? Ameondoka na kaptula, anarudi anainama mlangoni. Na huyu hakwenda kwa shangazi. Alikwenda kwa Madara mwenyewe, kizee kilichojificha chini ya ardhi, akaungwa nusu nzima ya mwili kwa nyama iliyooteshwa kutokana na Hashirama, Hokage wa Kwanza, mtu aliyekuwa akiotesha msitu kwa kuunganisha viganja. Ukipandikizwa Hashirama halafu usirefuke, hapo ndipo ningeandika barua ya malalamiko.

Ndiyo, mama, nakusikia. Minato alikuwa mwalimu wake, mbona hakumtambua? Swali la mtu ambaye hajawahi kufundisha! Mwalimu ana darasa la watoto tisini, atakumbuka sauti ya nani? … Watatu? Alikuwa na wanafunzi watatu tu? Obito, Kakashi na Rin? Basi walikuwa watatu wenye kelele. Tuendelee.

Sasa jambo lenyewe. Kijana, nisogezee lile papai. Asante. Papai hili ni Obito. Kinu hiki ni mwamba ulioporomoka wakati wa Vita Kuu ya Tatu ya ninja. Obito amemsukuma Kakashi pembeni, mwamba umemwangukia yeye, upande wa kulia. Tazameni: puu! Samahani, dada, kitambaa kipo pale. Kakashi ameshapoteza jicho lake la kushoto, kwa hiyo Obito, akiwa chini ya jiwe, anamzawadia lake la kushoto, na Rin analipandikiza palepale. Kwa hesabu ya kawaida Obito amebaki na jicho la kulia, ambalo liko upande uliopondwa. Na ndilo linalotutazama katika tundu la barakoa miaka yote ile! Hapo wapinzani wangu hupigiana makofi.

Hapana, bwana, huu niliouponda ndio wa kulia. Kwako wewe ni kushoto. Kwa papai ni kulia. Muulize papai.

Wapo wanaojibu kirahisi kwamba kupondwa si kupofuka: uso uliotokea baada ya barakoa kuvunjika una makunyanzi upande wote wa kulia, ila jicho limo kwenye kikombe chake. Wapo pia wanaokumbusha kwamba vitu alivyovimeza Kakashi kwa jicho lake la kushoto vilikuwa vikimchoma mtu wa barakoa alikojificha, maana macho yale mawili ni pacha na yanafungua ghala moja. Na kwamba Madara halisi alishafufuliwa na ninja Kabuto katika vita vya baadaye, kwa hiyo wa barakoa hakuwa yeye. Hayo ni majibu ya wanaoanza. Siwezi kuupoteza muda wenu kwa ushahidi.

Nadharia yangu, niliyoitafakari miezi saba, ni kwamba mwamba wenyewe ulikosea upande. Ushahidi ninao kwenye juzuu hii hapa niliyoazimwa. Naifungua mbele yenu, jalada hili, ukurasa wa kwanza, na huyu hapa Obito, uso wazi kama nilivyowaambia…

Unasema nini, mtoto? Kitabu cha Kijapani hufunguliwa kuanzia kulia? Kama msahafu? Kwa hiyo huu niliouanza mimi ni ukurasa wa mwisho?

Aa.

Ina maana kila nilipofunua hakuwa anavaa barakoa, alikuwa anavuliwa. Mimi nilidhani kaona aibu.

Nirudishieni papai langu.