Gesi Imeisha, Bosi

Mafundi wengi wa AC za magari niliokutana nao Dar es Salaam wanajua ugonjwa mmoja tu: gesi imeisha. Fundi wa aina hii hafungui boneti kwanza. Anakutazama wewe. Akiona shati limeloa mgongoni, anatikisa kichwa kwa huruma: "Gesi hiyo, bosi." Ukimwambia mbona ilijazwa juzijuzi, anauliza nani aliijaza, na jina lolote utakalomtajia atalicheka.

Kigari changu, mtumba wa Kijapani, kilianza kupuliza joto mwezi wa pili, wakati jiji zima linanuka jasho na chumvi. Nikajaziwa gesi. Kikapoa vizuri, mpaka mke wangu akaanza kubeba mtandio. Kisha baridi ikapungua kidogo kidogo, kama mshahara, na siku moja kwenye foleni ya Ubungo tukajikuta tunapulizwa na hewa ya jikoni. Nikarudi kwa fundi. "Gesi imeisha, bosi."

Imeisha vipi? Gesi ya AC si ya kupikia, kwamba inaungua na mtungi unabaki mtupu. Hii inazunguka tu. Kompresa inaikandamiza, inapata moto, inapelekwa kwenye kondensa pale mbele ya rejeta ipoe na kuwa kimiminika, kisha inapenyezwa kwenye tundu jembamba na kutawanyika nyuma ya dashibodi, ambako inafyonza joto la hewa mnayopulizwa. Halafu inarudi kuanza upya. Mfumo ukiwa mzima, gesi ile ile inaweza kuzunguka miaka na miaka. Ikipungua hivi, imetoroka, na aliyetoroka ana mlango aliotokea. Nilipomweleza fundi hayo, alinisikiliza kwa adabu zote huku akifunga mpira wa mtungi.

Ushauri wa bure nao haukukosekana. Jirani alisema ni fyuzi. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliapa kwamba kompresa imekufa na kwamba anamfahamu mtu anayeuza kompresa. Dereva wa bodaboda aliyesimama ubavuni mwangu kwenye taa alishauri nimwagie kondensa maji. Huyo angalau alikuwa anaongea na mtu aliyeshusha kioo, maana Dar kioo kina heshima yake. Gari lililoshusha vioo mchana wa Februari limetangaza hali ya mwenye nalo. Ndiyo maana wapo wanaovipandisha mpaka juu, wakaketi wima na uso mtulivu kama wako Ulaya, huku jasho likiwatiririka hadi kwenye soksi. Wauza maji hawadanganyiki. Wanayapita magari yenye baridi ya kweli, wanakuja kugonga kioo chako.

Hatimaye nikaelekezwa kwa mzee mmoja kule Ilala, mwenye gereji chini ya mwembe. Hakusema neno kuhusu gesi. Alisema, "Washa." Nikawasha. "Bonyeza AC." Ikasikika tak! upande wa mkanda. "Kompresa inashika, haijafa," akasema, na shemeji yangu akawa amekosa biashara. Kisha akauliza, "Likikimbia linapoa, likisimama linapasha?" Nikamwambia hapana, linapasha wakati wote. "Basi tusilaumu feni." Akafunga geji zake, ya bluu na ya nyekundu, na zote mbili mishale ilisinzia chini. Gesi ilikuwa imepungua kweli! Wale wengine hawakuwa wamekosea ugonjwa. Walichokosa ni hamu ya kujua ilikotokea.

Mzee akachukua tochi, akaanza kufuata mabomba kwa kidole. Gesi ile husafiri na mafuta ya kulainisha kompresa, kwa hiyo inapovujia huacha unyevu, na vumbi la Dar halina simile, linanata hapo hapo. Kwenye kiungo kimoja karibu na kondensa palikuwa na weusi wa mafuta. Akapaka povu la sabuni, likaanza kuchemka taratibu. Ndani ya kiungo hicho kulikuwa na oringi, kipete cha mpira kilichokauka na kupasuka, ambacho bei yake haifiki nauli ya bodaboda ya Mwenge hadi Sinza.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gesi yenyewe, R134a, ikitoroka hewani hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule, kwa kipimo cha miaka 100. Mwaka 2016 wakubwa wa dunia walikutana Kigali wakakubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake. Wakati wao wanaipunguza, mimi nilikuwa nalipia iongezwe angani, tena kwa risiti, ili nipate baridi.

Oringi mpya ikaingia. Mzee akaunganisha pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote mle ndani, akaenda kunywa chai. Alirudi akazima pampu, akaitazama geji muda mrefu bila kupepesa, mshale haukusogea. Ndipo akajaza gesi kwa mizani, akisoma kiasi kwenye kibandiko chini ya boneti: haikufika nusu kilo. Hakukadiria kwa kushika bomba.

Gari likapoa mpaka vioo vikataka kutoka ukungu. Wiki ile ile nikaenda stendi ya Magufuli kumpokea mama mkwe kutoka Njombe, nikiwa nimewasha AC tangu nyumbani ili akute mambo yameiva. Alipanda na sweta lake, nikamwamkia, akanibariki. Hatujafika Kimara akajikunyata, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hili gari halina namna ya kutoa joto?"

Nikazungusha kitufe. Joto likaja mara moja, bila fundi.